Kopo Lenye Unga

Kila Jumamosi mwaka ule wa 1970, Nanyama alikuwa akiosha vyombo, akiteka maji bombani, kisha akimfuata mama yake, Peres, hadi ukumbi wa kanisa pale Kangemi. Humo akina mama walipima maziwa ya unga kutoka kwenye magunia na kuyatia katika makopo. Yalikuwa ya watoto wachanga wa Sudan ya kusini, ambao jamaa zao walikimbia vita na kujihifadhi kambini kaskazini mwa Uganda. Nanyama alikuwa na miaka kumi na miwili. Kazi yake ilikuwa kubandika karatasi za anwani na kuzungushia mifuniko utepe wa kunata. Alikuwa mwepesi wa mikono, na akina mama walimwamini.

Jumamosi ya mwisho kabla ya maziwa kusafirishwa, akina mama walitoka nje kunywa chai. Nanyama akabaki peke yake na kopo moja ambalo halijafungwa. Alichovya ncha ya kijiko, akalamba. Maziwa yaligandamana kwenye kaakaa, matamu ajabu. Kwao maziwa yalikuwa ya kutia kwenye chai tu, tena kidogo. Akachota kijiko cha pili, na cha tatu. Aliposikia vicheko vya akina mama vikikaribia mlango, kopo lilikuwa limepungua robo nzima.

Kwenye rafu ya jiko la ukumbi palikuwa na unga wa ngano wa kupikia mandazi. Aliuchota haraka, akajazia kopo, akalikoroga, akalifunga na kulisukuma katikati ya mengine. Makopo yote sitini yakafanana.

Alasiri alifika Sista Kavata, muuguzi aliyekuwa amefanya kazi kambini kwa miezi minane. Alikaa kwenye benchi na akina mama, akawaeleza habari za huko.

"Kuna mtoto mmoja mamake alifia njiani," alisema. "Ana miezi saba, lakini uzito wake ni wa mtoto aliyezaliwa jana. Hana nguvu hata za kulia. Maziwa yake tunayapima kwa kijiko, na maji tunayachemsha. Tumbo lake likichafuka siku mbili tu, tunampoteza."

Nanyama aliyatazama yale makopo sitini.

"Na huyu ndiye fundi wetu wa kufunga," alisema Peres, akimsogeza binti yake mbele. "Makopo yote yamepita mikononi mwake."

Sista Kavata alimpa mkono. "Asante sana, mwanangu. Watoto wetu wako salama mikononi mwako."

Alitaka kusema, lakini akina mama wote walikuwa wakimtazama kwa furaha, na ulimi ukagoma. Alisimama vivyo hivyo, mkono wake ndani ya mkono wa muuguzi, hadi Mzee Shem, dereva wa lori, alipoanza kupakia masanduku ya makopo. Lori likaondoka kwenda ghalani mjini, ambako lingelala kabla ya kuanza safari ya Uganda alfajiri.

Nyumbani, mama yake alimwekea kikombe cha chai. Nanyama alikitazama hadi kikaota utando juu.

"Unaumwa?" Peres aliuliza.

"Mama, nimekula maziwa ya wale watoto." Kisha akasema lile lililokuwa zito zaidi. "Nikatia unga wa ngano ili msijue. Na sijui ni kopo lipi."

Peres hakumgombeza. Alijifunga kitambaa kichwani. "Vaa viatu," alisema. "Tutashika basi la saa kumi na moja. Na utakayesema ni wewe, si mimi."

Ghala lilikuwa karibu na stesheni ya reli. Sista Kavata alikuwa akihesabu masanduku pamoja na Mzee Shem. Nanyama alisema yote huku akitazama sakafu ya saruji, na sauti yake ikafifia mara mbili katikati.

"Masanduku nimeshayafunga kwa kamba," alisema Mzee Shem. "Tutayaonja yote sasa?"

"Kuonja hakutoshi," alijibu Sista Kavata. Alifungua mkoba wake, akatoa chupa ndogo yenye dawa ya kahawia. "Nanyama, hii ni iodini. Shuleni mmefundishwa ikigusa wanga inakuwaje?"

"Inageuka buluu, Sista. Buluu nzito, karibu nyeusi."

"Basi nawa mikono uje."

Walifungua makopo moja baada ya jingine. Peres alitoa chembe za maziwa kwa kijiko safi na kuziweka kwenye sahani, Nanyama akadondoshea iodini. Kahawia. Kahawia tena. Mzee Shem alisimama kando amekunja mikono, kamba alizokuwa amezifungua zikiwa miguuni pake. Walipofika kopo la arubaini na moja, tone liligeuka buluu, likakolea hadi likawa kama wino.

Nanyama alilia. Sista Kavata alilitoa kopo lile, akamwacha alie.

Hata hivyo walipima kumi na tisa yaliyobaki, maana sista hakutaka kubahatisha. Kisha Nanyama akazungushia utepe mpya makopo hamsini na tisa, vidole vikimwuma, na Mzee Shem akaanza kuyafunga upya masanduku yake.

"Nisamehe, Sista," alisema alipomaliza.

"Nimekusamehe. Lakini sitakuambia kwamba ni jambo dogo, kwa sababu si dogo. Kulamba maziwa ni ulafi, na ulafi wa mtoto unarekebishika. Ule unga uliotia ili kuficha ndio ungemfikia mtoto asiye na mama. Siku nyingine ukikosa, sema mapema, kosa likiwa bado lako peke yako. Aibu utaipata, lakini hakuna mwingine atakayeumia."

Nanyama aliitikia kwa kichwa. Alikwenda kwa Mzee Shem pia, akamwomba radhi kwa kazi aliyomwongezea. Mzee alimtazama, kisha akamnyoshea ncha ya kamba.

"Shika hapa nikaze," alisema.

Nanyama akaishika kwa mikono miwili.