Matufaha ya Chini ya Mti

Kila siku aliporudi kutoka shule, Maren Dykhuis alivua viatu mlangoni, akawatupia kuku mahindi, kisha akaketi jikoni kumsomea bibi yake gazeti. Macho ya Bibi Hendrika yalikuwa yameingia ukungu. Aliona umbo la mtu, lakini uso hakuuona sawasawa. Waliishi wawili tu, pembezoni mwa kijiji cha Overbeek, katika nchi ya matufaha ya jimbo la Michigan, Marekani.

Mwishoni mwa Oktoba gazeti liliwekwa kando. Halowini, sikukuu ya watoto kuvaa mavazi ya kuigiza na kugonga milango wakipewa vitamu, ilikuwa inakaribia, na hakuna mtoto wa Overbeek aliyekubali Halowini ipite bila kuonja matufaha ya karameli ya Bibi Hendrika. Mwaka huo bibi hakuweza tena kupanda ngazi, kwa hiyo kazi ya kuchuma ilimwangukia Maren.

"Chuma yaliyo mtini tu," bibi alimwambia. "Ya chini waachie ng'ombe wa Lorene."

Lorene alikuwa jirani yao. Ng'ombe wake waliachiwa kupita bustanini kula matufaha yaliyoanguka, na ardhi yote chini ya miti ilikuwa imekanyagwa na kujaa samadi.

Upepo ulikuwa baridi. Maren alipanda na kushuka ngazi mpaka vidole vikafa ganzi, na kikapu kilikuwa hakijafika hata nusu. Ndipo rafiki yake Tilda akatokea uani, amejipaka unga usoni na kujifunga shuka jeupe.

"We Maren! Bado unaparamia miti kama kima? Wenzako tunajaribu mavazi, wewe unanuka majani!"

"Niache, Tilda. Kikapu hakijajaa."

"Kitakosaje kujaa na matufaha yamekuzunguka miguuni? Au hayo ya chini yana miiba?"

Maren alitazama chini. Mengi yalikuwa mekundu, mazuri, yasiyo na jeraha. Alitazama dirisha la jikoni, akakumbuka kwamba bibi haoni mbali. Aliinama, akaokota haraka haraka. Yaliyokuwa na matope aliyapangusa kwa sketi yake. Kikapu kikajaa kabla Tilda hajamaliza kucheka.

"Umechuma juu yote haya?" bibi aliuliza, akipapasa tufaha moja kwa kidole gumba.

"Ndiyo, Bibi."

"Na kuyaosha?"

"Nimeyaosha."

Bibi Hendrika hakuuliza tena. Alimwaga sukari, siagi na krimu katika sufuria nzito, akamkabidhi Maren mwiko. "Usinitazame mimi, itazame sufuria. Karameli haina urafiki na mtu. Ukigeuka kidogo tu, imeungua."

Jikoni kulinukia vizuri mno. Maren alichoma vijiti katika matufaha, bibi akayachovya moja moja na kuyapanga juu ya karatasi yenye siagi. Corbin, mtoto wa Lorene mwenye umri wa miaka minne, alikuwa amekuja na mama yake akiwa amevaa vazi la dubu.

"Bibi, langu ni lipi?"

"Kubwa kuliko yote, dubu wangu. Ngoja lipoe kwanza."

Siku ya Halowini watoto walipita nyumba kwa nyumba, na kila aliyegonga mlango wa Bibi Hendrika aliondoka na tufaha lake. Corbin alikula la kwake palepale kizingitini, karameli ikamganda mpaka kwenye nyusi. Watu wazima walicheka. Maren naye alicheka.

Siku chache baadaye Lorene alikuja mbio, nywele hazijachanwa. Corbin alikuwa anaharisha na kulia tumbo. Daktari wa zahanati alikuwa amedhani ni tumbo la kawaida la watoto, akampa dawa ya kufunga kuhara. Kesho yake ikaonekana damu kwenye choo chake.

"Mama Hendrika, mtoto alikula nini kingine hapa kwako?" Lorene aliuliza. Sauti yake haikuwa ya kulaumu. Ilikuwa ya mtu anayetafuta mahali pa kushika.

Bibi alikaa chini polepole. "Ni krimu yangu," alisema. "Lazima iliharibika, nami sikuona. Mzee kipofu kama mimi nilikuwa natafuta nini kuwapikia watoto wa watu?"

Maren alisimama karibu na jiko, akageuza macho. Lorene aliondoka. Bibi akaichukua sufuria yake nzito, akaitoa nje na kuitupa kwenye pipa la takataka. Aliporudi alikuwa analia bila sauti, na Maren hakuwa amewahi kumwona bibi yake akilia.

Hata hivyo alinyamaza. Alijiambia labda kweli ni krimu. Alijiambia Corbin atapona kesho.

Shuleni, Tilda alimwuliza, "Umesikia habari za Corbin? Maskini! Mimi hata langu sijalila, lipo kwenye friji. Leo nitamkatia mdogo wangu, amelilia tangu juzi."

Maren alimkamata mkono kwa nguvu mpaka Tilda akapiga kelele. "Usimpe! Tilda, usimpe! Niliyaokota chini. Kwenye samadi. Sikuyaosha."

Tilda alimtazama, uso umebadilika. "Lakini mimi nilikuwa natania tu..."

"Najua. Niliyeokota ni mimi."

Hakungoja kengele. Alikimbia mpaka zahanati, akamkuta daktari, Bi. Abney, akizungumza na Lorene mlangoni, Corbin amelazwa begani mwa mama yake kama nguo iliyolowa. Maren alisema yote mbele yao wawili. Alisema kwa kukatakata, lakini alisema.

Daktari hakumkaripia. Hakuwa na wakati huo. "Acha ile dawa mara moja," alimwambia Lorene. "Inafungia sumu tumboni. Ndani ya samadi ya ng'ombe kuna vijidudu vinavyoharibu figo za watoto. Ninaita gari la wagonjwa sasa hivi." Kisha akamgeukia Maren. "Nani wengine walipewa? Taja wote."

Alasiri ile Maren alizunguka kijiji kizima na muuguzi. Alisimama kila mlango akirudia maneno yaleyale: matufaha niliyaokota kwenye samadi, nikamdanganya bibi yangu, tafadhali msiyale. Wengine walimkabidhi matufaha kimya. Baba mmoja alimfungia mlango usoni. Mama mmoja, ambaye binti yake alikuwa ameanza kuumwa tumbo, alimwambia, "Toka mbele yangu," kisha akamfuata muuguzi huku mtoto amebebwa mgongoni. Binti huyo aliwahiwa, akapona.

Corbin hakupona upesi. Figo zake zilisimama. Katika hospitali kubwa ya mjini alifungwa kwenye mashine ya kusafisha damu, na theluji ya kwanza ilianguka kijijini akiwa bado huko. Bibi Hendrika alijua sasa kwamba si krimu yake, lakini hakuonyesha nafuu. Siku Maren alipomwomba radhi alimvuta, akamkumbatia, akasema tu, "Uliniacha nijilaumu, mjukuu wangu." Maren aliona heri angepigwa.

Corbin alirudishwa nyumbani kabla ya Krismasi, amekonda, shingo kama kijiti. Angeishi, lakini figo zake zilibaki dhaifu, na angehitaji kupimwa mara kwa mara kwa miaka mingi. Maren alikwenda kwao peke yake. Lorene alifungua mlango, akasimama kizingitini.

"Nimekuja kuomba msamaha," Maren alisema. "Sijui niseme nini kingine."

"Sitakwambia haidhuru, Maren, kwa sababu imedhuru. Na kila mara mtoto huyu akichomwa sindano nitakukumbuka." Lorene alipangusa macho kwa kiganja. "Lakini sikia. Kukwepa kazi ulikwepa kwa muda mfupi, kila mtoto hufanya hivyo. Chakula kichafu kingeweza kuoshwa au kutupwa. Uwongo wako ndio ulioufikisha uchafu mdomoni mwa mwanangu, na ukimya wako ndio uliomchelewesha hospitali. Siku uliposema ukweli, ingawa ulichelewa, watoto wa wenzangu walinusurika. Ukikosea tena, na utakosea, sema siku ileile."

"Nitasema, Mama Corbin."

Ndani, sauti nyembamba iliuliza ni nani mlangoni. Lorene alisita. Kisha akasogea pembeni kidogo, nafasi ya mtu mmoja kupita.

"Nawa mikono kwanza," alisema. "Halafu uingie umsalimu."