Mwanangu Aliniambia Nichague Hoteli

Mimi ni bibi wa miaka sitini na saba, mzaliwa wa Unguja, ila mvi zangu zote nimezipatia hapa hapa Dubai. Nakaa Deira, nyuma ya maduka ya viungo ya Al Ras, ghorofa ya nne, na jengo letu halina lifti. Nilisoma chuo cha Kurani, na skuli nikaishia darasa la pili. Kwa hiyo anayeniandikia haya ni Wanjiku, binti wa Kikenya tunayekaa naye. Mie nasema, yeye anaandika. Akicheka namngoja amalize.

Nawaambieni kisa changu, wasomaji wenzangu, na msinionee huruma. Huruma waonee waliojaribu kunificha!

Mume wangu alifariki mwanetu Suleiman hata meno ya utoto hajamaliza kung'oa. Nikabaki ugenini na mtoto mkononi. Ningefanya nini? Nikapika visheti. Asubuhi nakaanga, nikishatia shira na hiliki napanga kwenye sinia, nateremka nazo ngazi hadi Al Ras. Wenye maduka wananunua, wapagazi wananunua, hata askari wa zamu ananunua! Visheti hivyo ndivyo vilivyomsomesha Suleiman mpaka akenda Misri, Kairo, kwenye ule mji wao wa kale wenye chuo kikuu cha tangu enzi na enzi. Akasoma, akawa mwalimu huko huko, akaoa huko huko.

Harusi yake sikwenda. Alisema ilifanywa haraka. Niliamini... Mama gani haamini?

Miaka ikapita. Mjukuu wangu Salma, binti yake wa kwanza, naye akasoma chuo kile kile, akawa anamaliza. Suleiman akanipigia simu kunipa habari ya mahafali yake. Nilipiga kigelegele mpaka Wanjiku akatoka bafuni na povu kichwani! Nikamwuliza mwanangu nilete godoro langu dogo au kwake yapo ya kutosha.

Akasema, "Mama, wewe chagua hoteli tu. Ntalipa mimi."

Hoteli!

Labda wewe unayesoma huoni kosa. Basi sikiliza. Sisi kwetu mtu hendi hotelini kwenye mji alio na damu yake. Haiwi! Nyumba yangu ina vyumba viwili, na nimelaza humu watu wa Unguja nzima. Wanaokuja kununua bidhaa, wanaokuja kutibiwa, mpaka bwana mmoja tuliyekuja kujua baadaye kwamba si jamaa yetu hata kidogo, kakosea mlango tu! Alikaa wiki. Kumwambia mtu wako atafute hoteli ni sawa na kumwambia sikujui. Na huyu ni mwanangu, ananiambia mie niliyemzaa...

Nililia, sikatai. Nililia na unga mikononi.

Lakini mama hakosi sababu za kumtetea mwanawe. Nikasema labda nyumba ndogo. Labda mkewe mgonjwa. Nikamwambia Wanjiku, haya, twende tukachague hiyo hoteli.

Wanjiku anasafisha vyumba kwenye hoteli moja hapa Deira, anazijua ndani nje. Tukenda ofisi ya tiketi. Kijana mmoja Mhindi akatufungulia picha kwenye kompyuta, mabwawa ya kuogelea, maua, vitanda vikubwa kama uwanja. Nikasema, loo, hii nzuri!

"Shosho, hizo ni mapicha tu," Wanjiku akanambia. Shosho kwao ni bibi. "Wewe uliza kama maji ya moto yako. Uliza dirisha linafunguka. Na usilale karibu na lifti, hutalala!"

"Na jiko je?" nikamwuliza yule kijana.

"Mama, hotelini hakuna jiko."

"Sasa mgeni akija ntampa nini?"

Alinitazama kama nimetoka mwezini.

Nikapenda moja ndogo, mkabala na lango la chuo. Ya zamani tu, ila dirisha lake linatazama lango. Nikampigia Suleiman. Akasema, mama, pale kelele. Nikachagua nyingine karibu na mtaa wake. Akasema ngazi nyingi, utaumia. Jamani, mie wa ghorofa ya nne! Mwisho akachagua mwenyewe, mbali kabisa, karibu na uwanja wa ndege. Nikamwuliza, na mahafali ntafikaje? Akasema, "Ntakuja kukuchukua, inshallah."

Nimekaa na Waarabu umri mzima. Ipo inshallah ya kumtaka Mungu, na ipo inshallah ya kufungia mlango. Niliisikia ile ya mlango.

Siku ya pili Salma akanipigia mwenyewe. Hata salamu hakumaliza. "Bibi, miguu yako inaendeleaje?"

"Miguu gani?"

"Baba kasema huwezi kuja. Kasema miguu imekuvimba, hutembei."

Nikaitazama miguu yangu. Ndiyo kwanza nimetoka sokoni na kilo kumi za unga! Nikamwambia, mjukuu wangu, miguu hii itakuzika wewe, Mungu apishe mbali. Hebu niambie kuna nini.

Mtoto akalia. Akasema babu na bibi yake wa kwa mama wameshafika, wamepewa chumba chake yeye. Na hata hivyo nafasi bado ipo! Ila baba yake tangu aoe aliwaambia wakwe kwamba mama yake ni mke wa tajiri wa Dubai, ana watumishi, mkono wake haujagusa jiko.

Wasomaji, kisu kinakata namna gani? Mie nilikuwa na watumishi kweli, wawili. Mmoja mkono wa kulia, mmoja wa kushoto! Na mwanangu kawaonea haya.

Nikakaa kitandani. Wanjiku akanambia, "Shosho, wacha. Usiende ukaaibike." Nikamtazama. Nikamwambia, nani aaibike? Nivalishe viatu, twende kwa yule Mhindi.

Nikachukua ile ile ya mkabala na lango. Dirisha la mbele! Nikakaanga visheti debe zima. Nikafunga udi na chetezo changu cha kufukizia kwenye kanga, nikapanda ndege.

Asubuhi ya mahafali nilimwita Salma, akaja kuvaa joho lake chumbani kwangu. Nikamfukiza udi joho zima mpaka mwenye hoteli akapanda mbio, kafikiri moto! Alipojua ni udi akakaa, akala visheti vitatu. Tukavuka barabara, mie na mjukuu wangu, mkono kwa mkono.

Suleiman alikuwa langoni na mkewe na wakwe zake. Aliponiona... rangi ilimtoka!

Mama mkwe akauliza kwa Kiarabu, "Nani huyu?"

Nilimngoja mwanangu aseme. Neno moja tu, mama. Alifungua kinywa, kikabaki wazi. Wallahi, hapo ndipo nilipofiwa na mtoto aliye hai.

Nikasema mwenyewe, na Kiarabu changu cha sokoni. Nikasema, "Mimi ndiye mama yake. Nakaa hoteli ile pale, dirisha lenye pazia la kijani. Mwanangu hakunikaribisha kwake, basi nyie karibuni kwangu, baada ya sherehe."

Na walikuja, ila Suleiman hakuonekana! Nimewapanga wote kitandani, mlango wazi, udi unafuka, visheti kwenye sinia ya kuazima, kahawa kaipika mwenye hoteli. Mama mkwe akala, akalamba vidole, akauliza vimetoka duka gani la Dubai.

Nikafungua kinywa nijibu. Mlangoni nikasikia, "Hodi."

Suleiman. Kasimama nje kama mgeni wa kweli. Nikamjibu kama ninavyomjibu yeyote, "Karibu, baba. Pita, ukae."

Hakukaa. Alimtazama mama mkwe, machozi yanamtoka, akasema, "Havikutoka dukani. Kapika mama yangu. Alikuwa akivitembeza kwa sinia, na ndivyo vilivyonisomesha."

Unajua yule bibi alifanya nini? Alichukua kingine! Akasema, "Na ulikuwa unatuficha?"

Usiku ule Suleiman alinipigia magoti nihamie kwake. Kitanda kishatandikwa, akasema. Nikamwambia, mwanangu, nimekusamehe, lakini khalas, basi, ulinambia nichague na nimeshachagua. Nikalala kwangu, dirisha wazi. Raha ilioje!

Juzi akanipigia, anakuja Dubai na mkewe. Sauti ndogo... Akauliza, "Mama, hoteli gani iko karibu na kwako, tusikusumbue?"

Nilimtukana, jamani! Wanjiku hataki kuyaandika. Nikamwambia godoro lipo, lile lile ulilokuwa ukilikojolea. Mkeo atalala na mie, wewe utalala sebuleni, na Wanjiku akienda kazini alfajiri atakuruka.

Nyie wana mliosoma, nawaombeni, msimfiche aliyewasomesha. Na nyie mama wenzangu, mtoto akikufungia mlango usilie nje ya lango lake. Lia kwako, ukimaliza tafuta dirisha linalolitazama, ulifungue, ufukize udi. Ila siku atakayopiga hodi kwako... mwitikie. Mie kumlaza mwanangu hotelini siwezi. Sikufunzwa.