Kifua cha Kamanthe

Ijumaa ni siku ya soko Machakos, na Ijumaa ile ya mwaka 2003 jua lilichoma hadi mbwa wakajibanza chini ya malori. Katikati ya soko la Marikiti, juu ya pikapu iliyofungwa puto, kijana mrefu mwenye shati jekundu alikuwa akinadi sabuni kwa kipaza sauti. Aliitwa Maundu, na ulimi wake ungeweza kumtoa nyoka pangoni.

"Wewe dada wa sweta!" alipaza sauti. "Ndiyo, wewe mrembo! Jua lote hili na sweta ya baridi ya Limuru? Umeficha nini hapo kifuani? Si utuonyeshe!"

Soko zima likaangua kicheko. Dada wa sweta hakucheka. Mfuko ulimponyoka, nyanya zikabingirika chini, naye akakumbata kifua kwa mikono miwili na kupenya umati akikimbia. Maundu aliyaona macho yake. Akaruka kutoka kwenye pikapu, akaokota nyanya, akamfuata hadi duka la vitambaa la Waris, mama wa Kisomali ambaye dada yule alimfanyia kazi dukani.

"Dada, nisamehe. Huu mdomo hunitangulia."

"Umemaliza?"

"Bado. Nimekuletea nyanya zako. Mbili zimefariki, nitazizika mwenyewe."

Alicheka bila kutaka, na kicheko kile kikamshtua. Ulikuwa umepita mwaka mzima tangu alipokisikia mara ya mwisho. Jina lake, alisema, ni Kamanthe.

Kabla ya mwaka ule, kila bibi harusi wa Machakos alitaka gauni la Kamanthe. Mwenyewe alivaa nguo za kumkaa mwilini, akipita mtaani shingo zilipinda. Kisha kukatokea uvimbe, na hospitali moja kubwa ya Nairobi ikamkata titi la kushoto. Mchumba aliyekuwa naye alikuja wodini mara moja, akaweka kishada cha ndizi juu ya kabati, akaenda zake asirudi. Tangu hapo Kamanthe alifunika cherehani kwa gunia na kuwa mpima vitambaa tu. Alioga taa ikiwa imezimwa.

Maundu hakuyajua hayo. Alijua tu kwamba kila jioni lazima asikie sauti ile kwenye simu.

"Mwendwa, mpenzi wangu, umekula?"

"Nimekula. Na hii salio ya kuongea saa nzima ni ya nani?"

"Ya mkubwa wangu. Anauza sabuni, mimi nauza moyo."

"Moyo wako niko nao tayari. Uza kingine."

Jumapili walitembea kando ya bwawa la Maruba wakitafuna mahindi ya kuchoma, yeye kwenye sweta yake, Maundu akimwiga kila mchuuzi wa mji hadi mbavu zimuume Kamanthe kwa kicheko. Lakini kila Maundu alipofungua mikono amkumbatie, Kamanthe alimgeuzia bega. Na kila mwezi alikwenda Nairobi, simu ikazimwa kutwa.

"Nilikuwa kwa shangazi," angesema.

Mwezi wa tatu shangazi aliitwa Ngina. Mwezi wa tano akaitwa Nzisa.

Mwezi wa sita, kwenye hoteli ndogo karibu na stendi, Maundu alimwomba amuoe. Hakungoja jibu. Furaha ilimpanda, akamvuta na kumkumbatia kwa nguvu. Kamanthe alimsukuma, chai ikamwagika juu ya meza.

"Kuna mwanamume Nairobi," Maundu alisema taratibu. "Sivyo?"

Kamanthe akaanza kufuta chai mezani kwa kiganja. Aliona heri aitwe malaya kuliko kuhurumiwa.

"Amini unavyotaka."

Maundu akaondoka bila kugeuka. Simu ikanyamaza. Usiku Kamanthe alibonyeza namba yake na kuikata kabla haijaita, akabonyeza tena, akakata tena. Hakuweza kumwita wala kumsahau.

Wiki zikapita hivyo, hadi asubuhi moja Waris alipoacha kukunja vitambaa.

"Kamanthe, nimenyamaza kwa sababu mambo ni yako. Watu husema una kifua, unajua kuficha. Lakini hii siri sasa inakula hata kile daktari alichokuachia."

"Nifanye nini, mama?"

"Mimi sijui. Nina harusi ya mpwa wangu na sina fundi. Chukua hii satini."

Alishona kwa sababu hakuwa na nguvu ya kukataa. Siku ya kwanza alifumua zaidi ya alivyoshona. Ya tatu, mkasi ukaanza kujiendea. Harusi ilipokwisha, wanawake walikuja dukani wakiuliza fundi ni nani, na Waris akawaelekeza kwa kidevu tu. Kisha Kamanthe akajipima mwenyewe, futi ya kupimia ikapita juu ya kovu, akajikatia gauni la rangi ya machungwa kulingana na mwili wake ulivyo, upande mmoja bapa. Alitoka nalo mtaani. Wengine walitazama. Aliwaacha watazame.

Agosti, akioga, vidole vyake vikagusa kitu kigumu chini ya kwapa la kulia.

Jioni ile alibonyeza namba na hakukata.

"Maundu, sina mwanamume Nairobi. Niko na daktari. Walinikata titi mwaka jana. Juzi walinichukua kipimo, kesho naenda kuambiwa kama ugonjwa umerudi. Sikuombi kitu. Nilitaka tu uyasikie kwangu."

Upande wa pili ukakata simu. Kamanthe akaiweka mezani, akazikumbuka ndizi za wodini.

Asubuhi alimkuta Maundu stendi, macho mekundu.

"Nilikata mimi," Maundu alisema. "Niliogopa nitasema upuuzi."

"Na sasa umepata la kusema?"

"Bado. Naweza kuja hivyo hivyo?"

Kamanthe akamsogezea kikapu chake akibebe.

Hospitalini aliingia kwa daktari peke yake. Alipotoka, Maundu aliusoma uso wake, akaketi kwenye benchi.

"Ugonjwa umerudi," alisema Kamanthe. "Watakata tena. Halafu dawa, na nywele zitakwisha."

"Nifanye nini? Kamanthe, niambie tu nifanye nini."

"Hakuna."

Maundu akalia waziwazi, mbele ya wauguzi na wagonjwa. Kamanthe alimshika mkono, akangoja. Yeye hakulia, machozi yake yalikwisha mwaka jana.

"Lile swali lako la hotelini," alisema mwishowe. "Bado unauliza?"

"Nauliza."

"Basi tufanye haraka. Nataka kuolewa nikiwa bado na nywele."

Waliandikishana katika ofisi ya mkuu wa wilaya, Waris akiwa shahidi. Bibi harusi alivaa gauni jeupe alilojishonea, nywele amezisuka zikashuka mpaka mgongoni, na alipokumbatiwa hakugeuza bega.

Jumatatu iliyofuata walirudi hospitali. Wakamsukuma Kamanthe ndani kwa kitanda cha magurudumu, mlango ukafungwa, na mumewe akabaki ukumbini, ameshika viatu vya mkewe kwa mikono miwili.