Pia ya Goti Iliyoshuka

Modesti aliletewa kila kitu kitandani: uji, maji ya kunawa, hata redio. "Tulia, Baba Julieth," mkewe Josepha alimwambia. "Mfupa uliovunjika hautaki fujo."

Modesti ni mfuga nyuki wa Ipole. Alianguka mtini akitundika mzinga, akavunjika pia ya goti, ule mfupa wa mviringo ulio mbele ya goti. Hospitalini alifungwa plasta ngumu. Ilipofunguliwa aliambiwa arudi kwa mazoezi. Josepha akakataa katakata. Mtu katoka kuvunjika, leo akachezeshwe goti? Thubutu! Jirani aliyesema Modesti ajaribu kutembea alirudi kwake na maneno yake.

Basi mfupa ukaunga, lakini goti likagoma kukunjika. Kwa goti hilo baiskeli huendeshi, na bila baiskeli hufiki porini kwenye mizinga. Siku moja shemeji yake alikuja kuuliza kama mizinga inauzwa. Modesti aligeukia ukutani, akalia. Kesho yake Josepha akampeleka Tabora mjini.

Huko daktari wa mifupa aliagiza picha. Bi Nihal, mtaalamu wa mazoezi ya tiba, akawaelezea.

"Shikamooni. Tazameni, pia ya goti hili imeshuka. Ya mguu mzima iko juu, mahali pake."

"Marahaba. Nani kaishusha?" Josepha akauliza.

"Kulala, mama. Chini ya pia kuna kano, kamba ngumu inayoishika kwenye mfupa wa muundi. Goti likikaa bila kukunjwa, kano hujikunyata na makovu hukaza ndani. Pia inavutwa chini. Paja nalo linadhoofu, haliwezi kuivuta juu."

Josepha akashika mdomo. "Mungu wangu! Kumbe ni mimi!"

"Ulimhurumia, mama. Angeanza mazoezi mapema, pengine yangetosha. Sasa daktari anashauri upasuaji."

"Watanifanya nini?" Modesti aliuliza.

"Utapewa dawa, hutasikia maumivu. Wataondoa makovu. Kisha watakata kipande kidogo cha mfupa wa muundi, pale kano iliposhikia. Watakisogeza juu na kukikaza kwa skrubu. Pia itapanda nacho."

"Nitapanda miti tena?"

"Miti sikuahidi, baba. Baiskeli, natumaini. Ila ukirudi kulala tu, tutakuwa tumetwanga maji kwenye kinu. Goti likivimba sana, likiwa la moto, au ukipata homa, njooni upesi."

Alipasuliwa salama. Kazi ikabaki nyumbani.

"Kunja," Josepha alisema.

"Linauma, mke wangu! Niache leo."

"Pole, baba. Kunja mpaka pale tu ulipoelekezwa." Machozi yalimtoka Josepha, lakini hakumwachia.

Goti lilifunguka polepole, na wakarudi kwa Bi Nihal kila walipoitwa. Halikuwa kama zamani. Hata hivyo msimu wa asali ulipofika, Modesti alifika porini kwa baiskeli yake. Mizinga ameishusha, sasa inaning'inia kwenye waya, usawa wa kifua.

Siku hizi Ipole mtu akifunguliwa plasta, Josepha huyo mlangoni. "Mmeambiwa mazoezi yaanze lini?" Wakisitasita, anajifunga khanga na kuwapeleka zahanati mwenyewe.

"Mimi nilimpenda mume wangu mpaka nikamlemaza," huwaambia njiani. "Ninyi mpendeni vizuri."