Tundu la Uwani kwa Zeyana

Harufu ndiyo iliyotangulia. Harufu ya nywele zilizoungua, saa nne ya asubuhi, na jiko Zeyana kashalizima zamani. Alinusa kanga yake, akamnusa mwanawe Muzdalifa, mtoto wa miaka mitatu aliyekaa sakafuni akimlisha mwanasesere wake muhogo. Hakuna aliyeungua. "Basi jirani kaunguza kuku," alijisemea, akaendelea kufagia.

Loh, jirani! Jirani wa watu hana kosa. Kosa lilifanyika nusu saa nyuma, na alilifanya mwenyewe. Nyumba za zamani za mtaa wa Mkunazini zina wenyewe huko chini, majini, na kila aliyezaliwa mjini analelewa akijua: ukitaka kumwaga maji ya moto kwenye tundu la uwani la kupitishia maji machafu, unatanguliza Bismillahi, unangoja kidogo, walio chini waondoe watoto wao. Zeyana hilo analijua tangu hajaota meno. Lakini asubuhi ile simu kaibana begani, anagombana na mumewe Ridhwan, anayefanya kazi hotelini Kendwa, ati Ijumaa hii tena harudi. Kwa hasira akanyanyua sufuria ya muhogo, akamwaga maji yote yanatokota, bila ya hata neno.

Saa sita Muzdalifa akaanza kulia. Hakuanguka, hakuumwa na mdudu. Aliinua mkono wake wa kulia, na mbele ya macho ya mama yake malengelenge yakawa yanafura juu ya vidole, moja baada ya jingine. Tena kila alipovuta pumzi kilio hakikukatika, kwani kulikuwa na mwingine akilia naye, mdogo zaidi, chini ya sakafu ya uwani.

Zeyana alimbeba mwanawe akapiga kelele ngazini. Akashuka Bi Rukaiya, mpangaji wa juu, bibi anayetibu watu waliopandwa na majini.

"Shikamoo Bi Rukaiya, mwanangu..."

"Marahaba. Sema polepole, wanasikia." Bibi aliutazama mkono, akavuta hewa, uso ukamkunjamana. "Umemwaga nini?"

Zeyana akamwambia. Bi Rukaiya alivukiza ubani, akachutama penye tundu akisikiliza, kisha akarudi.

"Umemuunguza mtoto wa watu," alinong'ona. "Mama yake anamtaka wako. Awe kiti chake, ampande kichwani, akae naye mpaka kufa. Ukikubali, mkono utapoa sasa hivi. Ukikataa, malengelenge yatafika usoni kabla ya magharibi."

"Sikubali."

"Mwanangu, mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi."

"Basi leo iwe Idi! Nishikie mtoto."

Malengelenge yalikuwa yashavuka kiwiko. Zeyana akatoka uwani, akapiga magoti penye tundu.

"Assalamu alaykum," alisema, maana adabu ni adabu hata kwa adui. "Nimekosa. Nimemuunguza mwanao, na mtu angeniunguzia wangu ningemla mzima. Lakini aliyemwaga ni mie. Huyu alikuwa ndani anacheza. Sharia gani hiyo, mtoto aadhibiwe kwa kosa la mama yake? Mkono uliomwaga ndio huu hapa. Mwanangu humpati. Si leo, si akikua, si hata mie nikifa!"

Akapandisha mkono wa gauni, akautia mkono wake tunduni mpaka kwapani, na matope yalikuwa na uvuguvugu ingawa maji yale yalishapita zamani, na ile harufu ya nywele ikamjaa puani, na kilio cha chini kikanyamaza ghafla, na Bi Rukaiya kule mlangoni anasoma dua, na Zeyana akangoja kucha, akangoja meno, akangoja mkono wake ung'olewe, na kilichomshika kidole gumba kilikuwa vidole vidogo, vidogo kuliko vya Muzdalifa, ngozi yake inachubuka.

Hakulitegemea hilo. Machozi yakamtoka.

"Pole, mwanangu," alisema. "Pole sana. Nisamehe."

Kisha mkono mwingine, mkubwa, ukamkamata kiwiko, na moto ukapanda. Zeyana alipiga ukelele uliosikika mpaka sokoni, lakini hakuuchomoa. Aliuacha huko mpaka ukaachiwa.

Ulitoka mwekundu, umebabuka kuanzia kiwiko mpaka kucha. Ndani, mkono wa Muzdalifa ulikuwa laini kabisa, na mwenyewe anataka juisi.

Alasiri Bi Rukaiya alimpaka Zeyana asali, akamfunga kitambaa. Muzdalifa alisimama kizingitini, anatazama uwani.

"Mama, yule mtoto kapoa?"

"Mtoto gani?"

"Wa chini. Mama yake ananiuliza nnataka kucheza naye?"

"Hama, Zeyana," Bi Rukaiya alinong'ona. "Hama leo leo."

 Zeyana akainuka hata hivyo, akachukua kigoda kwa mkono ule mzima, akakiweka uwani penye tundu, akakaa, akampakata mwanawe.

"Sihami," alisema, akiinamia chini. "Wakitaka kucheza wacheze. Mchana tu, na mie nimekaa hapa hapa."

 Kisha sauti ya mwanamke ikapanda kutoka chini, taratibu, imechoka kwa kulia.

"Na mie nimekaa hapa hapa."