Mstari wa Chini Uache Wazi

Katika kijiji cha Masanze, wilaya ya Kilosa, darasa la kisomo lilikuwa ndani ya ghala la pamba. Kila Jumanne na Alhamisi, saa kumi alasiri, watu wazima walitoka shambani, wakanawa miguu, wakaketi juu ya magunia matupu. Mwaka huo wa 1973 walikuwa ishirini na sita. Mmoja wao alikuwa Raheli, mke wa Tomasi, mwanamke wa makamo aliyezoea jembe. Kalamu aliishika kwa nguvu mno, hata mara nyingine karatasi ilitoboka.

Mwalimu wao aliitwa Bibiana. Alikuwa karani wa benki mjini Kilosa. Kufundisha alijitolea tu, akija kwa baiskeli. Kila alipofika alimwendea Raheli kwanza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu. Lakini haya mambo gani? Mwalimu anamwamkia mwanafunzi!"

"Ubaoni mimi ni mwalimu. Hapa mlangoni bado ni mtoto wako."

Darasa zima lilicheka.

Zamani Raheli aliweka dole gumba kila mahali palipotakiwa sahihi. Aliuchukia ule wino mweusi. Alirudi nyumbani akisugua kidole kwa majivu mpaka ngozi ikauma. Sasa, baada ya miezi saba ya kisomo, aliweza kuandika jina lake bila kutazama ubao: Raheli Tomasi. Aliandika polepole, herufi moja baada ya nyingine, lakini aliandika mwenyewe.

Mwezi wa Agosti ilifika barua kutoka Zambia. Ilitoka kwa Yohana, mtoto wao wa kwanza, aliyekwenda kufanya kazi katika mgodi wa shaba huko Kitwe. Raheli aliifungua kwa furaha. Alitaka kuisoma mwenyewe. Alipofika katikati aliishusha barua mapajani.

"Soma basi," alisema Tomasi. "Anasemaje?"

"Anasema jiwe lilimwangukia. Mguu wa kulia wameukata."

Tomasi aliketi chini. Raheli akaendelea, neno kwa neno.

"'Kidonda kinapona. Mwisho wa Septemba nitatolewa hospitali. Chumba changu amepewa mtu mwingine. Sina mtu hapa. Mama, njooni mnichukue.'"

Tomasi alikuwa na ugonjwa wa kifua. Akipanda kilima kidogo tu, pumzi zilimkatika. Asingeweza safari ile. Basi ilikuwa lazima aende Raheli, yeye ambaye hajawahi kupita Morogoro. Waliuza ng'ombe wawili kwa Kisio, mfugaji jirani yao, wakaongeza na fedha za pamba. Hawakubaki na akiba nyingine.

"Noti nitazishona kwenye pindo la kanga," Raheli alimwambia Bibiana. "Mama yangu alifanya hivyo maisha yake yote."

"Zambia hawatumii noti zetu, mama," alisema Bibiana. "Na pindo likikatwa, mambo yamekwisha. Wasafiri wa nchi za nje wana njia yao. Wanabeba hundi za wasafiri. Njoo benki, nitakuonyesha. Kibali cha fedha za nje benki itakuombea."

Baadaye, Tomasi alipoziona hundi zenyewe, kumi kwa jumla, alitikisa kichwa. "Ng'ombe wangu wawili wazima! Leo wamekuwa vikaratasi."

Siku ya kuzichukua, benki ilikuwa imejaa watu. Bibiana alimwonyesha Raheli mistari miwili katika kila hundi.

"Huu wa juu, tia sahihi sasa, mbele yangu. Huu wa chini uache wazi. Ukifika Zambia, utaandika jina hapa chini mbele ya karani wa benki ya huko, akikutazama. Ataangalia kama sahihi zinafanana. Zikifanana, atakulipa."

Raheli aliinama, akaanza kuandika. R. A. H. Hundi ya kwanza. Hundi ya pili. Jasho lilimtoka. Nyuma yake mstari wa watu ulirefuka, na mwanamume mmoja akasema kwa sauti, "Huyu mama anaandika au analima?"

Watu walicheka. Raheli alizimaliza hundi zote kumi bila kuinua uso.

Kejeli ile haikumtoka moyoni. Kama watu wa kwetu wamenicheka, aliwaza, wageni itakuwaje? Jumapili baada ya ibada, aliketi mezani akazitoa hundi zake. Maneno ya Bibiana aliyakumbuka vizuri. Lakini aliona heri aandike kabisa hapo nyumbani, kwa utulivu, ili huko asimchoshe mtu. Akajaza mstari wa chini kwenye hundi tatu. Ziliandikwa vizuri. Mkono ulipochoka, akaziweka.

Jumanne alimwonyesha mwalimu. Bibiana alizitazama moja moja.

"Mama, hizi umemwonyesha nani mwingine?"

"Hakuna. Nimekosea?"

"Hundi yenye sahihi mbili ni kama noti tu. Mtu akiiokota, anaweza kuipeleka dukani au benki akasema ni yake. Jina limeshaandikwa. Hana la kuulizwa."

"Niliogopa kuchekwa, mwanangu," alisema Raheli. "Ninachelewa. Watu wanasubiri."

Bibiana aliketi naye juu ya gunia. "Wasubiri. Hata ukitumia saa nzima, chelewa. Mwizi anaweza kuchukua karatasi hizi, lakini mkono wako hawezi kuuchukua. Ndiyo maana mstari wa chini uko wazi. Unaungoja mkono wako."

Kesho yake walikwenda benki. Raheli alitia sahihi tena nyuma ya zile hundi tatu, mbele ya meneja, naye akazipokea na kumpa nyingine mahali pake. Kisha Bibiana akamwagiza jambo la mwisho.

"Kila hundi ina namba. Andika namba zote kumi kwenye karatasi. Karatasi hiyo usiiweke pamoja na hundi. Ziweke mbalimbali, kama chumvi na maji. Hundi zikipotea, namba ndizo zitakazokusaidia."

Raheli aliziandika mwenyewe. Karatasi akaifunga kwenye pindo la kanga, palepale mama yake alipokuwa akifunga fedha. Hati ya kusafiria na nauli ya njiani aliziweka katika mfuko alioushona ndani ya blauzi. Hundi akaziweka katika mkoba, chini ya nguo.

Alitoka Kilosa kwa treni, akashuka Mikumi kungojea basi la kwenda mpakani. Basi lilipofika, watu walilizunguka kama siafu. Wengine walipitisha vikapu madirishani na kuviweka juu ya viti, ili kiti kisichukuliwe na mwingine. Ndivyo kila mtu alivyofanya. Raheli naye aliona kiti kitupu dirishani. Akauinua mkoba, akausukuma ndani, akakimbilia mlangoni.

Alipofika kwenye kiti, alikuta kiti kitupu.

"Mkoba wangu!" alilia. "Niliuweka hapa. Nani ameuchukua?"

Abiria walitazamana. Dirisha la upande wa pili lilikuwa wazi.

"Mama, wamepanda wengi na wameshuka wengi," alisema utingo. "Sasa unakwenda au huendi?"

Raheli alimwona Yohana akilini, ameketi kwenye benchi la hospitali, kifurushi mapajani, akitazama lango. Alishika pindo la kanga. Fundo lilikuwepo. Akashuka.

Hakupoteza muda kulia. Alikwenda kwanza kituo cha polisi, akaeleza, akapewa karatasi ya taarifa. Kisha akangoja treni ya kurudi Kilosa. Kesho yake, benki ilipofunguliwa, alikuwa wa kwanza mlangoni. Hata salamu alisahau.

"Zimeibiwa. Zote."

Bibiana alisimama. Aliuliza jambo moja tu. "Mstari wa chini?"

"Uko wazi. Zote kumi."

"Na namba?"

Raheli alifungua fundo la kanga kwa meno. Bibiana akaichukua karatasi, akashusha pumzi ndefu. "Kaa hapa, mama. Unywe maji."

Siku hiyohiyo meneja alipiga simu Dar es Salaam na kutoa namba zile, ili hundi hizo zisilipwe popote. Zilipita siku sita. Kwa Raheli zilikuwa ndefu kama kiangazi. Siku ya saba alipewa hundi nyingine kumi. Alitia sahihi mistari ya juu, akaandika namba mpya. Safari hii aliazima mkoba, nao ulikaa mikononi mwake kutoka Kilosa mpaka Kitwe, hata alipokunywa uji.

Alifika Kitwe zikiwa zimebaki siku mbili mwezi kwisha. Kabla ya kwenda hospitali aliingia benki, kwa kuwa kulikuwa na dawa za kulipia na nauli za kurudi. Karani alikuwa kijana mwenye tai. Alimwonyesha kwa kidole mstari wa chini.

Raheli akashika kalamu. R. A. H. Nyuma yake watu walikuwa wengi. Mmoja alisonya. Raheli aliinua uso, akamtazama bila hasira, akarudi kwenye kazi yake. Hakuharakisha hata herufi moja. Karani aliziangalia sahihi mbili, ya juu na ya chini. Akaitikia kwa kichwa, akahesabu fedha.

Yohana alikuwa kwenye benchi, vilevile kama alivyomwona akilini. Amekonda. Suruali ilikuwa imekunjwa na kubanwa kwa pini mahali mguu ulipokuwa. Alipomwona mama yake alijaribu kusimama, akashindwa. Raheli akamkumbatia pale alipoketi.

"Shikamoo, mama. Nilidhani hamtakuja."

"Marahaba, mwanangu. Twende nyumbani."

Mwezi wa Oktoba, katika ghala la pamba, Yohana aliketi juu ya gunia, magongo yake mawili yameegemea ukutani. Alikuwa amekuja kusikiliza tu. Bibiana alimpa Raheli chaki, akamwomba awaeleze wenzake mambo ya hundi. Raheli alichora mistari miwili ubaoni. Juu ya mstari wa kwanza aliandika jina lake, polepole, mpaka mwisho. Hakuna aliyecheka. Kisha akaweka chaki chini.

"Na wa chini, mama Yohana?" mwanamke mmoja aliuliza. "Mbona umeuacha?"

Raheli alimtazama mwanawe.

"Ule wa chini niliuandika Kitwe," alisema. "Siku nilipomfuata huyu."