Damu ya Mkono wa Kulia

Mkono wa chuma uliinua kichupa cha damu ya Lugano, ukakizungusha kwa kasi hadi chembe nyekundu zikatuama chini na plazma ya manjano ikabaki juu. Ukaivuta plazma, ukaitia kimiminika cha kugandisha protini, kisha ukasukuma maji safi yaliyobaki ndani ya Mtenganishi. Katika bomba jembamba la mtambo huo kila kemikali ilisafiri kwa mwendo wake. Dawa ilipotoka, kilele cha mchoro kilichomoza kwenye kioo. Kirefu mno: dawa ilikuwa imezidi kwenye damu.

Sekela, mkemia wa maabara hiyo ya Mbeya, alijua kitakachofuata. Majibu yalikwenda moja kwa moja kwa kigawadawa, kifaa kilichopandikizwa chini ya ngozi ya Lugano ili kitiririshe dawa ya kuuzuia mwili usiikatae figo mpya. Kwa mara nyingine kikapunguza dozi.

Lakini Lugano alikuwa akivimba miguu. Figo aliyopewa na dada yake, Ambwene, ilikuwa inakataliwa, na hilo halikutarajiwa kwa mtu mwenye dawa nyingi hivyo. Sekela alirudia kipimo. Kilele kilekile. Akavua koti, akateremka wodini, mahali ambapo hakuwa amekanyaga kwa miaka.

"Kaka, huwa unatolewa damu mkono upi?"

"Wa kulia. Roboti ya kutoa damu haigusi wa kushoto, maana ndio niliokuwa nasafishiwa damu kwa mashine kabla ya figo hii."

"Na kigawadawa kiko wapi?"

Lugano akaugeuza mkono wa kulia. Juu kidogo ya kifundo palikuwa na kivimbe.

Sekela akashusha pumzi. Damu yote waliyopima ilikuwa imetoka kupita kwenye mdomo wa kifaa, imejaa dawa ambayo haijasambaa mwilini. Akamwomba muuguzi achukue nyingine mguuni. Safari hii Mtenganishi ulichora kijilima tu: mwilini dawa ilikuwa kidogo mno.

Walipandisha dozi siku hiyohiyo. Figo haikupona.

"Mwambie dada wewe," Lugano alisema. "Mimi nitaanzia wapi?"

Ambwene alikuwa kwenye benchi la nje, amepakata chupa ya uji. Sekela akaketi kando yake, akamweleza yote bila kuficha.

"Kumbe mashine ilikosea?"

"Hapana, dada. Ilipima sawasawa damu tuliyoipelekea. Sisi hatukuuliza imechotwa wapi."

Ambwene akakaza kifuniko cha chupa, ingawa kilikuwa kimekaza.

"Mimi mliniuliza kila kitu," alisema. "Nimezaa mara ngapi, nalalaje, babu yetu alikufa kwa ugonjwa gani. Mliuliza mpaka nikachoka."

Akaitazama chupa ya uji mapajani.

"Lugano ameshakula?"

"Bado."

Ambwene akainuka, akajifunga khanga vizuri kiunoni, akaingia na uji kwa mdogo wake.